Nimwambie nini mdogo wangu anayekwenda chuo kikuu?

Swali: Assalamu alaykum Mwalimu. Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba, nimemaliza kidato cha nne na kazi yangu ni kushona. Mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 20, amepata nafasi ya kusoma shahada ya kwanza ya ualimu wa sayansi katika chuo kikuu kilichopo Tunguu, Unguja, naye ndiye wa mwanzo katika ukoo wetu kufika huko. Baba yetu amefariki, mama ni mtu mzima, na mimi, dada yake mkubwa, ndiye niliyemlea; malipo ya kuanzia tumeyapata kwa karafuu za msimu uliopita. Anaondoka baada ya wiki tatu. Nimekaa nikaandika nasaha ishirini na saba za kumpa, lakini nikizisoma naona nyingi ni za kumtisha tu. Isitoshe, ami yetu aliyeko Mwanakwerekwe anataka akae kwake, na mwenyewe anataka dahalia, yaani bweni la chuo. Mimi ambaye sikukanyaga chuo kikuu nimwambie nini cha maana?

Jibu: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nimeisoma barua yako mara mbili, na la mwanzo ninalokuomba ni kuiweka kando ile orodha ya nasaha ishirini na saba. Si mbovu, lakini nyingi kati yake mdogo wako ameshazisikia kwako tangu alipokuwa akibeba mkoba wa skuli. Asiache sala, achague marafiki, aheshimu wakubwa: haya umeyapanda kwa miaka yote uliyomlea, na kama hayajaota hadi leo hayataota pale bandarini Mkoani huku meli inapiga honi. Kazi iliyobaki kwako ni ndogo kuliko unavyodhani, nayo ni kumwekea njia ya kukuletea habari mbaya mapema, kabla hazijaharibika kupita kiasi. Nimefanya kazi ya kuwashauri wanafunzi wa vyuo vikuu kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikumbuki wengi walioshindwa kwa kukosa akili. Ninaowakumbuka ni wale walioficha.

Ili uone kwa nini nasema hivyo, kwanza ufahamu ni kitu gani hasa kinachobadilika. Wazee wetu waliposema mtoto anakwenda chuoni walikusudia chuo cha Kurani, ambako mwalimu anamjua kila mtoto kwa jina la baba yake, na asiyefika asubuhi hutumiwa wenzake wamfuate nyumbani. Skuli nayo ina mwalimu wa darasa, daftari la mahudhurio na mzazi anayeitwa mambo yakiharibika. Chuo kikuu kimerithi jina lakini hakikurithi desturi hiyo. Mhadhiri anaweza kuwa na wanafunzi mia mbili ukumbini, na mdogo wako asipofika wiki mbili hapana atakayemuuliza. Atakachokutana nacho ni kanuni, ambayo katika vyuo vingi humzuia kufanya mtihani aliyehudhuria chini ya asilimia 75 ya vipindi. Kanuni hiyo haimkumbushi mtu. Inamngojea mwishoni.

Hukunitajia jina la chuo, na Tunguu pana zaidi ya kimoja: Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho sheria yake ni ya mwaka 1999, kina kampasi yake kuu hapo, na Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichofunguliwa mwaka 1998, nacho kipo hapo. Nitasema basi yale ambayo vyuo vyetu vinashirikiana, kwa kuwa vyote vinafuata mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Katika mfumo huo masomo hupimwa kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360, yaani 120 kwa mwaka na 60 kwa muhula. Chukua somo moja la krediti 12, ambalo ni saa 120. Likiwa na vipindi vitatu vya saa moja kwa wiki, kwa wiki 15, darasani ni saa 45 tu, na saa 75 zilizobaki hazimo katika ratiba yoyote iliyobandikwa ukutani. Ukijumlisha masomo matano ya namna hiyo unapata saa 600 kwa muhula, ambazo zikigawiwa kwa wiki za masomo na za mitihani ni kama saa 35 hadi 40 kwa wiki, sawa na mtu aliyeajiriwa ofisini. Mdogo wako lakini atakapopewa ratiba ataona vipindi vichache, ataona Jumanne mchana hana kitu na Alkhamisi anaanza saa nne, na atafurahi. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufurahi siku hiyo.

Hapa ndipo wewe usiyekwenda chuo kikuu unapojua zaidi kuliko wengi waliokwenda, kwa sababu wewe ni fundi cherehani. Unajua inavyokuwa Ramadhani: vitambaa vinaanza kuingia mwezi wa Shaaban, fundi anavipokea, anavikunja, anaviweka kwenye kikapu na kusema siku bado zipo, kisha inafika kumi la mwisho na wenye nguo wanakaa mlangoni. Fundi mwenye akili hukata siku ileile anayopokea, hata asiposhona, maana kitambaa kilichokatwa kimeshajulikana kina tatizo gani. Mwambie hivyo kwa maneno yako. Somo alilofundishwa asubuhi alifungue jioni ya siku hiyo kwa saa moja, atafute asilolifahamu na aliandikie alama. Akifanya hivyo tu atakuwa amewapita wengi, na atakuelewa vizuri zaidi kuliko ukimwambia asome kwa bidii, neno ambalo halimwelezi mtu aanze wapi.

Kuhusu alama, kuna hesabu moja ambayo ningependa uijue ili uweze kumuuliza maswali yenye maana. Kwa kawaida somo huwa na sehemu mbili: majaribio na kazi za muhula, ambazo wanafunzi huziita kozi waki na mara nyingi hubeba alama 40, na mtihani wa mwisho wenye alama 60. Alama ya kufaulu ni 40 kwa jumla. Mwenye 28 katika kozi waki anaingia kwenye mtihani akihitaji 12 tu ili asianguke, hivyo anaweza kuitumia akili yake yote kutafuta daraja la juu; mwenye 12 anahitaji 28, na anaingia akitetemeka. Vyuo vingine huweka pia kiwango cha chini kwa kila sehemu, kwa hiyo asijitegemeze kwa upande mmoja. Jaribio la kwanza huja mapema, mara nyingi kabla ya nusu ya muhula, wakati ambapo wengi bado wanatafuta godoro.

Na asidanganywe na wakubwa zake wa chuoni kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea. Alama zote huingia katika wastani wa mwisho: A, inayoanzia 70, ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Atakayepata C mwaka mzima wa kwanza, kisha akazinduka na kupata B+ miaka miwili iliyobaki, wastani wake utakuwa 3.3, ambao ni daraja la pili la chini, kwa sababu la juu huanzia 3.5. Miaka miwili mizima ya juhudi haikutosha kuufuta mmoja. Nimewaonyesha hesabu hii wanafunzi wa mwaka wa tatu na nimeona nyuso zao. Afadhali mdogo wako aione kabla hajapanda meli.

Sasa nirudi kwenye lile la msingi. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na kijana mmoja kutoka Pemba, mtulivu, mwenye hati nzuri ya mkono, ambaye alianguka somo moja la hesabu katika muhula wa pili. Kuanguka somo moja si msiba. Chuo humpa mtu mtihani wa marudio, ambao wanafunzi huuita sapu, na kwa kawaida hufanywa kabla ya mwaka mpya wa masomo kufunguliwa. Yeye alirudi nyumbani likizo akiwa na tarehe ya sapu ameiandika kwenye kikaratasi, akaikuta familia imo katika karafuu, zipo mitini na wachumaji ni haba. Kaka yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemgharamia, alimwambia kwamba hapana kurudi mjini kabla karafuu hazijakauka. Kijana hakusema kitu. Akapanda mikarafuu, akachuma, usiku akachambua makonyo pamoja na wenzake, asubuhi akaanika majamvini, na kikaratasi kikiwa mfukoni siku ya mtihani ikapita.

Aliporejea chuoni hakulikuta jina lake katika orodha, maana asiyetokea kwenye marudio bila ya ruhusa huhesabiwa ameanguka. Bado palikuwa na nafasi ya kuandika maelezo na kuomba. Hakuja. Alihamia chumba cha rafiki zake, akaendelea kuvaa shati safi kila asubuhi na kupokea fedha kutoka nyumbani kwa miezi mitatu, mpaka siku kaka yake alipotokea bila ya taarifa na gunia la muhogo, akasimama getini kumuulizia, na mlinzi akatafuta jina asilione. Gunia lile lilikaa ofisini kwangu mchana mzima huku ndugu wawili wamekaa kila mmoja anatazama ukuta wake.

Nilimuuliza kijana baadaye, tulipokuwa peke yetu, kwa nini hakusema neno lile moja, kwamba ana mtihani. Akanijibu kwamba kila simu ya kaka yake ilimalizikia kwa maneno yaleyale: usisahau kila pishi ya karafuu iliyokupeleka huko. Kaka huyo alikuwa mtu mwema, na maneno yake yalikuwa ya kweli. Lakini mtu anayehesabiwa pishi kila wiki hawezi kumwambia mwenye pishi kwamba ameanguka, na kadiri anavyopendwa ndivyo anavyozidi kushindwa. Kwa hiyo, mwanangu, katika zile nasaha ishirini na saba, kama mojawapo ni kumkumbusha karafuu zilizouzwa, hiyo ndiyo ya kufuta kabisa. Anajua. Alikuwepo zilipopimwa.

Mimi mwenyewe nilikwenda Dar es Salaam mwaka 1983, wakati ambapo Zanzibar haikuwa na chuo kikuu hata kimoja, na kaka yangu, marehemu sasa, hakunipa hotuba. Alinipa bahasha kumi zilizokwisha kubandikwa stempu na kuandikwa anwani yake kwa mkono wake, akasema niandike hata mistari miwili, hata kama ni ya kusema nimeshindwa kuamka. Bahasha ya tatu niliitumia kumweleza kwamba nimepata alama mbovu sana katika jaribio la takwimu. Majibu yake yalikuja baada ya wiki mbili, na hayakuwa na lawama wala pole. Aliniuliza ni nani katika darasa letu aliyefaulu jaribio lile, anakaa chumba gani, na kama nimeshamwendea. Sikuwa nimemwendea. Nilikwenda usiku uleule niliosoma barua, kwa aibu tu ya kutokuwa na jibu la kumwandikia.

Leo bahasha ni simu, na simu ina hatari yake. Utampigia umuulize anaendeleaje, naye atakujibu alhamdulillahi, mzima, masomo yanakwenda; na jibu hilo ni zuri, lakini linamfaa aliyefaulu na aliyeanguka sawasawa. Pangeni siku moja ya wiki na saa yake, Ijumaa baada ya isha kwa mfano, na umuulize maswali ambayo alhamdulillahi peke yake haiyatoshi. Wiki hii umerejeshewa karatasi gani? Mhadhiri wa kemia anaitwa nani, na anapatikana ofisini siku zipi? Ni lipi ulilolisoma wiki hii hukulifahamu? Ulikaa na nani kulisoma? Huhitaji kujua kemia ili kuuliza hivyo. Akishindwa kukutajia jina la mtu hata mmoja anayesoma naye kufikia wiki ya nne, hiyo ni dalili kubwa kwangu kuliko alama yoyote, na hapo ndipo pa kumwambia aende ofisi ya mshauri wa wanafunzi, ambayo kila chuo kinayo na ambayo wengi huijua baada ya maji kumwagika.

Na siku atakapokwambia la kuumiza, maana ipo siku, jizuie dakika tano za mwanzo. Vile utakavyoipokea habari mbaya ya kwanza ndivyo atakavyoamua kama ya pili akuletee au akufiche. Muulize kwanza tarehe: marudio ni lini, mwisho wa kuomba ni lini. Hasira yako, kama ipo, iweke mpaka tarehe hizo ziwe zimeandikwa.

Kabla hajaondoka mwambie maneno haya, au yanayokaribiana nayo, tena mkiwa wawili tu, si mbele ya wageni waliokuja kumuaga: "Utaanguka somo siku moja, pengine. Nataka mimi niwe mtu wa mwanzo kujua, na siku hiyo sitakuuliza kwa nini, nitakuuliza tunafanyaje." Kwa mtoto wa kiume aliyelelewa na dada yake, maneno hayo yana thamani kubwa.

Fedha nayo ina njia zake za kumfundisha mtu kuficha, kwa hiyo nitaieleza kidogo. Mzanzibari anaweza kupata mkopo kupitia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, au kupitia bodi ya Tanzania, HESLB. Hazichukuliwi zote mbili kwa pamoja. Fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi wenyewe huiita bumu, haitoki kila mwezi kama mshahara bali huja kwa mkupuo, na ile ya mwanzo wa mwaka mara nyingi huchelewa mpaka usajili wa chuo na taratibu za bodi zikamilike. Mpangie basi fedha ya chakula na nauli ya wiki sita asitegemee bumu, hata kama ni kidogo kidogo. Likiingia, siku ileile aligawe kwa wiki zilizobaki, na sehemu ya mwezi wa mwisho akuwekee wewe. Nimesema akuwekee wewe kwa makusudi: mwanafunzi mwenye fedha ya miezi miwili ndani ya simu ana marafiki wengi, na zaidi ya hao kuna michezo ya kubashiri matokeo ya mipira na mikopo ya papo kwa papo ya kwenye simu, ambayo sitaisemea kwa urefu isipokuwa kwamba nimewaona vijana wenye adabu zao wakiuza kompyuta kwa ajili yake.

Kwa upande wa pili, ahidi kwamba nyumbani hamtamwomba chochote kutoka katika bumu. Hili ni gumu kwenu kuliko kwake. Mtu akiuguliwa, paa likivuja, harusi ikitokea, familia hukumbuka kwamba kuna mtoto "anayelipwa" mjini, naye hataweza kukataa. Atatuma, kisha atashinda kwa chai na andazi na kukuficha habari hiyo. Halipwi. Anakopa, na kwa bodi ya HESLB sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inamtaka aliyeajiriwa akatwe asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe.

Sasa suala la ami, ambalo naliona ndilo lililokufanya uandike, ijapokuwa umeliweka mwisho. Barabara ya Tunguu inapita Mwanakwerekwe, gari ni moja, na nyumba ya ami haina kodi. Kwa hesabu ya fedha tupu ami ameshinda. Hata hivyo, kwa mwaka wa kwanza mimi ningechagua dahalia ikiwa nafasi ipo. Kazi kubwa ya masomo ya sayansi hufanyika usiku, wanafunzi wanne au watano wakizunguka ubao mmoja baada ya isha, na anayeondoka kwa gari la mwisho huondoka ndiyo kwanza wenziwe wanaanza. Wageni wa mwaka wa kwanza huzoeana katika miezi miwili ya mwanzo, na aliye nje ya dahalia huja kukuta vikundi vimeshafungwa. Tena katika nyumba ya jamaa kuna kazi ambazo hazitamkwi: kuteka maji, kukaa dukani, kuwasomesha watoto wadogo hesabu kwa kuwa yeye ni msomi. Si dhuluma, ndivyo tunavyoishi, na ami atakuwa na haki ya kushangaa mtoto wa ndugu yake akikataa. Lakini saa 35 za wiki nilizokuhesabia zinatoka wapi?

Ikiwa dahalia haikupatikana, na vyumba havitoshi kila mwaka, basi akae kwa ami kwa shukrani, ila wewe ndiye utakayezungumza na ami, si yeye. Kijana wa miaka 20 hawezi kumwekea ami yake masharti. Dada mkubwa aliyebeba nafasi ya baba anaweza kusema kwa adabu kwamba tunakuomba, ami, siku za Jumatatu hadi Alkhamisi umwache chuoni mpaka jioni, na Jumamosi na Jumapili ni mtumishi wako. Ami akipangiwa kwa heshima hukubali. Akiachwa agundue mwenyewe hununa. Na kama atakwenda dahalia, vilevile aanze kwa ami: siku ya kuteremka bandarini Malindi, Unguja, alale Mwanakwerekwe, apeleke pakacha lake la kutoka nyumbani, na awe anakwenda kushinda huko kila baada ya wiki mbili. Atahitaji nyumba ya mkubwa karibu naye siku atakayougua.

Kuna jambo la lugha ambalo sina hakika kama liko katika orodha yako. Mihadhara ni ya Kiingereza, na vijana wengi waliofaulu vizuri kwenye karatasi hunyamaza ukumbini muhula mzima kwa khofu ya kuchekwa, na watoto wa Pemba huongezewa na kutaniwa lafudhi yao ya Kiswahili. Lafudhi asiibadilishe. Kwa Kiingereza, aandike swali lake kwenye karatasi kabla ya kwenda, ajizoeze kulisoma, na amfuate mhadhiri baada ya kipindi akiwa na mwenzake mmoja. Akifanya hivyo mara tatu mhadhiri atamjua kwa jina, na tatizo la kutojulikana ambalo nilianza nalo litakuwa limepungua kwa somo moja angalau.

Vyeti vyake vya asili, cha kuzaliwa na kitambulisho cha Mzanzibari avibebe mkononi, asivitie katika begi linalokwenda chini ya meli, na aache nakala kwako. Awahi wiki ya kupokelewa wanafunzi wapya, hata kama wakubwa zake watamwambia ni ya porojo: humo ndimo wanamoonyeshwa maktaba, namna ya kusajili masomo katika mfumo wa chuo na ofisi ya kila jambo, na anayesajili somo kwa makosa huja kujua siku matokeo yake yasipoonekana. Kuhusu wachumba na mambo ya mapenzi sitaki kukuingilia; wewe unamjua kuliko mimi.

Zimebaki wiki tatu. Dahalia huombwa mapema na waliochelewa huambiwa zimejaa, kwa hiyo aulizie wiki hii, na wewe usingojee jibu la chuo ndipo umwambie ami. Mpigie leo usiku, umsalimie kwanza kwa niaba ya mama, umwambie kijana atafikia kwake, na hayo mengine myapange kabla hajasikia kwa mtu mwengine.